Kisanduku Juu ya Karantina

Elphas ni mlinzi wa majengo ya kupangisha kule Malaz, Riyadh, lakini kwao Kenya alisomea takwimu, na hataki uisahau. Akishika kompyuta, humwambii kitu.

Chama cha Wakenya kilipotaka kuigawa mitaa ya Riyadh na Jeddah kwa watu wa zamu, ili mfanyakazi wa ndani akipatwa na shida ajue ampigie nani, kazi ilimwangukia yeye. Alitumia programu ya takwimu, ile ambayo huchori kwa mkono: unaiandikia amri, nayo inachora mipaka na kuipaka kila kanda rangi yake. Amri yake moja ilisema mtaa usio na mwanachama uondolewe.

Jeddah ikatoka na pengo upande wa kusini. Ni mtaa wa Karantina. Elphas aliliona, na sababu aliijua: wengi wa kule hawana ikama, kile kibali cha kuishi, na asiye na ikama hajiandikishi popote. Lakini wakubwa wa chama walikuwa wakisubiri, na pengo lile lilimharibia sura ya ramani. Basi akachukua kisanduku cha maelezo ya rangi, akakiweka juu yake. Ramani ikapigiwa makofi. Kizuri hakikosi ila, ndiyo, ila huyu bwana aliifunika makusudi.

Kisha Velma, mfanyakazi wa ndani, akaungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Alikuwa amemtoroka madam wake na kujificha kwa marafiki, Karantina. Akapiga simu. Reuben, mtu wa zamu wa kanda ya jirani, alitazama ramani akamwambia, "Hapo si kwangu, dada. Jaribu mwingine." Mwingine naye akasema vivyo hivyo. Si watu wabaya, waliiamini ramani. Alipofikishwa hospitali, siku kadhaa baadaye, kidonda kilikuwa kimeoza, akakatwa vidole viwili.

Elphas aliomba ruhusa, akapanda basi hadi Jeddah. Hakuna aliyemtuma, ila usingizi ulikuwa umemkataa. Alimkuta Velma ameketi kwenye godoro, bendeji mkononi. Akamwonyesha ramani kwenye simu.

"Kaka, mimi niko wapi hapa?"

"Chini ya hiki kisanduku."

"Ilikuwa mistake?"

Angeweza kuitikia. Programu husingiziwa mengi, na hili pia ingelibeba.

"Hapana. Niliona pengo, nikalifunika. Nilitaka ramani ipendeze. Nisamehe, Velma."

Velma aliigusa simu, pale penye kisanduku.

"Chumba cha pili kuna dada mgonjwa, mafi ikama, hana kama mimi. Weka namba yangu hapo. Wakipiga, nitashika na huu mkono mwingine."

Elphas alifungua kompyuta palepale. Akaifuta ile amri, Karantina ikarudi, akaandika namba ya Velma, kisha akakisogeza kisanduku hadi baharini, ambako nafasi ilikuwepo tangu mwanzo. Ilikuwa kazi fupi kuliko kumenya chungwa, na hilo ndilo lililomliza.