Kabureta Mpya Kutoka Koboko

Mimi ni fundi hapa Arua, na kila kifaa ninachokifungua huchonga jina langu juu yake kisiibwe. Mzee Drani alipoleta Landrova yake ya zamani nifufue injini, niliifungua kabureta nikaikuta imekufa, nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kisha nikaenda Koboko kutafuta nyingine.

Dukani nikaoneshwa moja imejaa grisi, imefungwa kwenye gazeti lililogeuka manjano.

"Hii iko mupya, imekaa tu kwa stoo," akasema mwenye duka.

Nikainusa, nikaapa imetoka kiwandani.

Niliporudi nikaitangazia gereji nzima pua yangu haidanganywi. Mzee Drani akaipokea, akafuta grisi kwa kitambaa, akaigeuza polepole.

"Fundi," akauliza, "kiwanda ilijua jina yako namna gani?"