Sare ya Mikono Mirefu

Watu wana mambo. Watamsifu mwenzao kwa sauti yake, watampigia vigelegele mpaka koo ziwakauke, lakini siku akiomba kitambaa cha kumsitiri ngozi isiungue, watamwambia anawaharibia shughuli. Ndivyo alivyofanyiwa Mwanamkuu wa Kariakoo mwaka ule wa hamsini na sita, na anayekijua kisa chake hawezi kukisimulia bila kukunja uso.

Mwanamkuu alikuwa zeruzeru, wa pili kuzaliwa hivyo katika nyumba yao. Wa kwanza alikuwa kaka yake Nassibu, aliyebeba mizigo bandarini kifua wazi kwa kuwa wenzake wote walibeba hivyo, naye hakutaka kuchekwa. Alizikwa na kidonda cha bega kilichokataa kupona. Aliyekiosha kidonda kile ni Mwanamkuu, na tangu hapo hakuthubutu tena kulichezea jua. Vitumbua vyake aliviuza alfajiri barazani kwao, kukipambazuka vizuri anaingia ndani, na akilazimika kutoka mchana ni buibui na mwavuli.

Lakini usiku ulikuwa wake. Chama chao cha ngoma cha akina mama, Ridhaa, kilicheza chini ya taa za karabai, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Akifungua kinywa, wanaume waliokuwa wakipita zao walisimama. Aliwahi kuwa na mchumba, lakini mchumba huyo akamwacha kwa maneno ya mamaye mwanamume, na mtoto Mwanamkuu hakujaliwa kupata. Kilichobaki ni kule kusimama mbele usiku, watu wakimtazama kwa sababu njema. Hicho hakutaka kunyang'anywa.

Kwini wa chama, yaani malkia na mkuu wao, alikuwa Bi Kuruthumu, mwanamke wa miraba minne, mke wa mwenye nyumba tatu za kupangisha, na hakuna alichopenda kama kutazamwa. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha aliwaita wanachama uani kwake.

"Idi hii tunacheza Mnazi Mmoja, saa nane mchana, ana kwa ana na wapinzani wetu wa mtaa wa Gerezani," alisema. "Sare yetu gauni la melimeli, rangi ya waridi, mikono ya puto. Jua kali, jamani, nimewachagulia kitambaa chepesi. Upepo unapita kama hujavaa kitu!"

Vigelegele vikarindima uani. Mwanamkuu hakupiga. Kitambaa kinachopitisha upepo hivyo kitalizuia jua vipi? Alinyoosha mkono.

"Bi Kuruthumu, mimi melimeli itaniunguza. Naomba nishone kitambaa kingine, na mikono mirefu."

"Ee, katafute kitakachokufaa," akajibu kwini, macho yakiwa kwa mwingine. "Mradi rangi iwe hiyo hiyo."

Wote walisikia. Yakumbukwe maneno hayo, maana baadaye watu wazima na akili zao walijifanya hayakusemwa.

Kesho yake Mwanamkuu akazunguka maduka ya Wahindi pamoja na Waridi, shoga yake tangu utotoni, ambaye ndiye mpiga ngoma wa chama. Kila kitambaa alikitoa mpaka mlangoni, akakitandaza kwenye mwanga na kupitisha kiganja chake chini. Melimeli ilionyesha vidole vyote vitano na pete. Bafta nayo ilionyesha, ila kwa haya kidogo. Marekani ilificha, lakini ilikuwa nzito kama turubai, na mtu atachezaje ndani ya turubai? Mwenye duka akaanza kuguna.

"Mama, unanunua nguo au unatazama mkono?"

"Mkono ndio utakaovaa, bwana," akamjibu.

Mwishowe ikashushwa poplini kutoka rafu ya juu. Aliikamata akaihisi nyepesi, nyuzi zimeshikana. Akaipeleka mlangoni: kiganja hakikuonekana. Rangi ilikuwa waridi, iliyoiva kidogo kuliko ile ya wenzake. Fundi Mrisho akaishona gauni pana, la kupitisha hewa kwa chini, mikono mpaka kwenye vifundo, kola ya kupandisha shingoni, na kipande kilichobaki kikawa mtandio. Waridi alipomwona amelivaa alimzunguka mara mbili.

"Wallahi, wewe ndiye utakayekuwa bibi harusi siku hiyo!"

Siku moja kabla ya Idi wakakutana uani kujikagua. Kwini alimtazama Mwanamkuu juu mpaka chini.

"Mikono hii ya wapi? Sare ni sare."

"Uliniruhusu mwenyewe, mbele ya wote."

"Nilisema rangi. Sikusema uje umejifunika kama maiti." Wachache wakacheka. Kisha kwini akalainisha sauti, akaleta upole ule unaouma kuliko tusi. "Basi tusigombane. Tutafunga kibanda cha makuti nyuma ya ngoma, utaimbia humo. Sauti itatoka, jua halitakupata. Huoni tunavyokufikiria? Na wageni nao wataona safu iliyo sawa."

Kumbe! Usiku, karabai ilipokuwa ikimfanya afanane na wengine, safu ilikuwa sawa. Mwanamkuu akamtazama Waridi. Huyo aliyeapa jana tu alikuwa ameinamia ngoma yake anakaza kamba ambayo haikulegea. Hakuna mwanamke hata mmoja uani mle aliyefungua mdomo. Hasira ya Mwanamkuu haikuwa kwa kwini, ambaye alimjua, bali kwa kimya kile.

Hata hivyo siku ya Idi alikwenda. Mnazi Mmoja ilijaa watu mpaka barabarani, na wale wa Gerezani walikuwa wamesimama upande wao, mikono viunoni, wakisubiri Ridhaa wakosee. Mwanamkuu akaingizwa bandani kama mzigo. Ngoma ikalia, akaimba, na kupitia matundu ya makuti akaona jambo ambalo hakulitarajia hata kwa Bi Kuruthumu. Kwini alisimama mbele ya safu, kichwa juu, anafumbua na kufumba mdomo kufuata maneno kana kwamba ndiye anayeimba, mkono kifuani! Watu wakapagawa. Bibi mmoja akajitoma uwanjani na kumvika kwini kanga mpya mabegani.

"Mashallah, Bi Kuruthumu! Kumbe sauti ndiyo hiyo!"

Na kwini akainama kushukuru. Hakukana. Akaipokea kanga ya mwenzake na sifa ya mwenzake, mchana kweupe, siku ya Idi.

Mwanamkuu alivuta kola juu, akajifunga mtandio, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja. Jua lilimpiga, poplini ikampokelea. Ngoma haikukatika, maana Waridi alipomwona, mikono yake iliendelea kupiga yenyewe. Ikumbukwe kuwa katika ngoma za mashindano ya aina hii waitikiaji hawangoji kufikiri. Kiongozi akitoa ubeti, wanaudaka kama ulivyo na kuurudisha kwa nguvu, kwani anayesitasita mbele ya wapinzani ameshashindwa. Miaka yote koo zao zilizoea hivyo. Mwanamkuu akainua mkono uliofunikwa mpaka kifundoni, akaimba:

"Sauti mwaitamani, mwenyewe mwanikataa,
Mwataka niwe bandani, uwanjani mkang'aa."

Kabla mtu hajapata kuelewa, akawapa kiitikio:

"Sisi haya hatunayo, mwenzetu tumemficha!"

Na wakakidaka. Safu nzima, wanawake ishirini na kitu wenye mikono ya puto, wakakirudisha kwa sauti moja mpaka kikasikika barabarani: sisi haya hatunayo, mwenzetu tumemficha! Wakakirudia, mabega yakitikisika, mpaka kicheko cha wale wa Gerezani kilipowaamsha na mmoja mmoja akaanza kuziba mdomo. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Bi Kuruthumu. Alikuwa amefumba macho, kanga mabegani, anaitikia kwa mori wote peke yake, kwa sauti nene yenye kukwaruza, na siku nzima ile hakuna aliyekuwa ameisikia sauti yake mpaka hapo.