Mwenye Sura Aulizwe

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi katika duka la kusafisha picha Mtaa wa Biashara, katikati ya Nairobi. Nilikaa kaunta. Nilipokea filamu, nikaandika bahasha, na kuwaeleza wateja kwa upole kwamba picha zao zimeungua kwa sababu walifungua kamera kabla filamu haijajikunja yote. Mwenye duka alikuwa mzee wa Mombasa, mtu wa swala tano, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wa bara tuone haya kufungua midomo. Aliniita mwanangu. Mimi nilimwita Mzee, kama alivyoitwa na mtaa mzima.

Ilikuwa miaka ile kamera za dijitali zimeanza kuonekana mikononi mwa watu wa ofisi, na bahasha zangu zilikuwa zikipungua wiki hadi wiki. Mzee hakulalamika. Asubuhi moja alitua kikombe chake cha kahawa juu ya kaunta akasema, "Nataka kufanya mashindano. Watu wa kawaida, si wapiga picha wa kazi. Kila mmoja alete picha moja ya sura ya mtu. Tutazitundika hapa dirishani, na atakayeshinda nitampa ile kamera iliyo kabatini. Kanuni utaziandika wewe."

"Mimi, Mzee?"

"Ni wewe unayewasikia watu wakigombana hapo kaunta. Unajua wanagombania nini."

Niliziandika kwa wiki nzima. Kanuni ya kwanza ndiyo iliyotusumbua zaidi: nani si mpiga picha wa kazi? Wale jamaa wa bustanini, wanaozunguka na kamera shingoni wakiwapiga wapenzi na watoto wa Jumapili, walikuwa wateja wetu wa miaka mingi, na walitaka kuingia. Mzee aliwapenda, lakini alisema si haki kumshindanisha mtu anayeshika kamera kila siku na karani aliyeazima ya shemeji yake. Tukaandika kwamba anayekula kwa kamera haingii. Aliyewahi kulipwa kwa harusi ya binamu yake mara moja, huyo tutamsamehe.

Kisha nikaandika kwamba kila picha itachapwa dukani kwetu, kwa ukubwa mmoja, ili mwenye uwezo asilete picha kubwa kama mlango. Picha isichezewe kwa kompyuta. Jina likae nyuma, limefunikwa, mbele iwe namba tu. Na mfanyakazi wa duka asishiriki, wala jamaa yake. Hiyo ilinichoma mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na picha ya baba yangu akivaa miwani yake iliyofungwa uzi, na nilikuwa nimeshaanza kuiona dirishani.

Kanuni zilifika saba. Nilizibandika mlangoni nikarudi nyuma kuzitazama. Nilijiona hakimu.

Picha zilikuja nyingi kuliko tulivyotarajia. Jumamosi moja mchana tulizipanga juu ya meza ya chumba cha nyuma. Majaji walikuwa wawili: Mzee, na mwalimu wa sanaa aliyestaafu, mama mkali wa mtaa wa Satellite ambaye hakuogopa kumwambia mtu yeyote kwamba kazi yake ni mbaya. Mimi niliandika alama.

Walipofika namba thelathini na moja, Mwalimu aliinua mkono. "Ngoja."

Ilikuwa picha ya mwanamke kando ya barabara ya Waiyaki Way, mvua ikinyesha. Kitambaa kimemteleza kichwani, uso umeinuka kidogo, mdomo wazi, na huwezi kujua kama kinachomtiririka ni mvua au machozi. Amebana mfuko wa plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Hii," Mwalimu alisema. "Zingine zote ni watu waliokaa mbele ya kamera. Huyu ni mtu."

Mzee alivua miwani, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika.

"Namjua," nilisema. "Ni jirani yetu kule Uthiru. Hiyo ni siku alitoka hospitali, mume wake alipofariki, miaka kadhaa iliyopita. Alikuja nyumbani kwa miguu." Nilionyesha pembe ya mfuko, mahali kisigino kilipochomoza. "Hivyo ni viatu vya mume wake."

Kisha Mwalimu akaniuliza, "Kanuni zako zinasemaje?"

Nilizisoma zote saba kwa sauti, ingawa nilizijua kwa moyo. Zilikuwa zimemlinda karani dhidi ya mwenye studio, na maskini dhidi ya mwenye kompyuta. Yule aliyepigwa picha hakuwa na hata mstari mmoja.

"Mji mzima unapita mbele ya dirisha langu," Mzee alisema. "Nitatundikaje msiba wa mtu bila kumpigia hodi?"

Mwalimu alikunja uso. "Na mimi ningependa aulizwe. Lakini muda wa kuleta picha umeisha. Mtihani ukishafanywa, huongezi swali."

"Akiongezewa mmoja, ni dhuluma. Wakiongezewa wote je?" Mzee akajibu.

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: kila mshiriki apewe wiki mbili. Arudi kwa aliyempiga picha, amwonyeshe, na alete sahihi yake au alama ya kidole kwamba anakubali kuwekwa dirishani. Akikataliwa, anaruhusiwa kuleta picha nyingine yenye sahihi. Asiyeleta chochote atarudishiwa picha yake. Nikaandika kanuni ya nane chini ya zile saba, kwa kalamu, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuchapa upya: mwenye sura aulizwe.

Mwenye picha ile alikuwa mhasibu anayeishi Kitisuru. Nilipompigia simu nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kiburi. Badala yake aliniuliza kama anaweza kuja dukani. Alikuja siku hiyo hiyo, tai ikiwa mfukoni.

"Nilikuwa kwa foleni ya magari," aliniambia. "Mvua ilikuwa kubwa sana, na huyo mama alikuwa hapo tu, karibu na dirisha langu. Nilifikiria kumbeba kwa gari. Kweli nilifikiria. Halafu nikaona kamera kwa kiti." Alitazama mikono yake. "Ningefungua mlango. Nikafungua kioo. Nikapiga, gari za mbele zikasonga, nikaenda."

Nilimwambia namjua huyo mama, na kwamba nitamwonyesha picha kwanza mwenyewe.

Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa. Nilimkuta jirani yangu jikoni akichambua maharagwe, bado amevaa nguo yake nzuri. Aliishi kwa kuuza mapazia ya mitumba, na kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo za kina mama. Nilimweleza yote kabla sijafungua bahasha. Alipangusa mikono akaichukua picha.

"Haiya! Huyu ni mimi." Aliishika karibu na mlango, penye mwangaza. "Nani alipiga?"

"Mtu alikuwa kwa gari, mama. Hakujua wewe ni nani."

"Mimi sikuona gari. Hiyo siku sikuona mtu hata mmoja." Kidole chake kilipita taratibu juu ya mfuko. "Viatu vyake hivi. Walinipa nikashika, sikujua niziweke wapi."

Maharagwe yalikuwa yamemwagika kidogo sakafuni. Niliinama kuyaokota ili nisimtazame.

"Miaka yote hii nikifikiria hiyo siku, nilikuwa najiona peke yangu," alisema. "Kumbe kuna mtu alikuwa ananiangalia." Sikuweza kujua kama hilo lilimpa faraja au uchungu, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akaikunja midomo. "Lakini kwa dirisha, hapana. Watu wa kanisa wapite huko tao mjini wanione kitambaa imeanguka? Usiweke. Na hii karatasi hurudi nayo, inabaki hapa."

"Sawa, mama."

"Halafu umwambie huyo mtu akuje. Anipige vizuri."

Mhasibu alikuja Jumamosi iliyofuata, akaacha gari mbali barabarani, kana kwamba lingesema jambo mbele ya huyo mama. Jirani yangu alimpokea kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Ni wewe ulikuwa kwa gari?"

"Ni mimi, mama."

"Na hukunibeba."

"Sikukubeba. Nisamehe."

Jirani yangu alinyoosha vitambaa vya kochi, kimoja kimoja. Kisha akavuta thamosi. "Kunywa chai kwanza. Picha ni baadaye."

Mhasibu alipiga picha nyingi siku ile. Jirani yangu alivaa kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa, akaketi mgongo wima, mikono juu ya magoti, na kila kamera ilipoinuka alikaza uso kama anayekula kiapo. Kabla ya kuondoka mhasibu alichagua moja, jirani yangu akaweka sahihi, herufi moja moja. Ilikuwa picha ya kawaida kabisa, na mimi na mhasibu tulilijua hilo njiani tukirudi garini.

Wengi walirudi na sahihi bila shida. Mmoja hakuweza. Alikuwa askari wa mchana katika jengo la ng'ambo ya barabara, mtu tuliyesalimiana kila asubuhi. Kwa kamera ya kuazima alikuwa amempiga mzee mmoja asiye na meno kwenye kituo cha mabasi, akicheka mpaka macho yamefumba. Baada ya ile ya mvua, hiyo ndiyo Mwalimu aliyoipenda zaidi. Kwa wiki mbili askari alitumia saa yake ya chakula kumtafuta yule mzee. Siku ya mwisho alisimama mbele ya kaunta, kofia mkononi.

"Dada, huyo mzee alienda kwao. Wengine wanasema Busia, wengine Bungoma. Hakuna mtu anajua jina." Aliniwekea picha mbele. "Lakini muangalie. Ananiangalia mimi, anacheka. Si hiyo ni kukubali?"

Niliwapelekea majaji. Mwalimu alisema ndiyo, anayeicheka kamera ameikubali. Mzee alisema alikubali kupigwa, hakukubali kutundikwa. Kisha wote wawili wakanigeukia, kwa kuwa kanuni ilikuwa ya mkono wangu. Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini nilimkumbuka mama mmoja wa Kawangware aliyekataliwa na shangazi yake mwenyewe, akaiondoa picha yake bila neno. Nikasema hapana.

Kumwambia ilikuwa kazi yangu pia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, dada." Mzee alimchapia ile picha kubwa, bure, na yeye akaipokea kwa mikono miwili. Kesho yake nilipomsalimia "Sasa," alitazama upande mwingine.

Kamera ilikwenda kwa karani wa kike aliyempiga kinyozi wa mtaani kwao, akijikagua kwenye kioo kama bwana harusi. Kinyozi alileta wateja wake wote kujionyesha, mpaka Mzee akaanza kuwauliza kama wamekuja kunyolewa.

Jirani yangu alikuja siku ya kazi, na kitambaa chake cheupe. Alisimama mbele ya dirisha hadi nikatoka nje.

"Nimekuwa namba ngapi?"

"Hukupata namba, mama."

"Haidhuru. Angalia vile nimekaa." Alitabasamu, kisha akaonyesha nafasi tupu ambayo Mzee alikataa kuijaza. "Na hapa?"

Nilimweleza habari za askari na mzee aliyekwenda kwao. Nilimweleza pia kwamba ni mimi niliyekata shauri, na kwamba askari hanisalimii tena. Aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara.

"Ni yule?"

Sikupata muda wa kumzuia. Alivuka, akiinua mkono kuyasimamisha magari. Nilimwona akimsalimia askari kwa mkono, kisha wakazungumza, na kelele za mtaa hazikuniruhusu kusikia hata neno moja. Baada ya kitambo askari aliingia kwenye kibanda chake akatoka na ile picha kubwa, imefungwa kwa gazeti. Aliifungua. Jirani yangu aliinama kuitazama, akashika kiuno, akacheka kicheko cha nguvu, na askari naye akacheka. Walisimama vile jua likiwapiga, wakimtazama mzee wa watu, mpaka mteja akagonga kaunta nikarudi ndani.