Ua wa Silanga ya Qansale

Siku mtoto wa dadake alipokufa maji, Sagal Korane alikuwa kwenye chumba cha mtihani mjini Garissa. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kusomea shahada ya usimamizi wa miradi. Alipotoka na kuiwasha simu, alikuta amepigiwa na watu wasiokuwa na desturi ya kumpigia, akajua kuna jambo kabla hajaambiwa.

Alipofika Qansale, kijiji chao kilicho ndani ya kichaka upande wa barabara ya Liboi, Iftin alikuwa ameshazikwa. Alikuwa msichana wa miaka mitano. Alikwenda na kikopo chake kwenye silanga, bwawa la udongo ambalo shirika moja liliwachimbia kwa ajili ya mifugo, akateleza kwenye tope la ukingoni.

"Ni qadar," watu walisema. "Mungu ndiye aliyempangia hivyo."

Weris, mamake mtoto, hakulirudia neno hilo. Alikaa ndani ya nyumba yake akipokea mikono ya waombolezaji, macho yake yakiwa mahali pengine kabisa.

Sagal akarudi chuoni. Mchana aliuza nguo katika duka la shangazi yake mtaa wa Galbet, mjini Garissa, jioni akaingia darasani pamoja na makarani, polisi na Loise, muuguzi kutoka Meru ambaye walizoea kukaa benchi moja. Masomo aliyapenda. Tangu utotoni alikuwa ameona miradi ikija Qansale kwa magari meupe na kuondoka ikiacha vibao vya majina. Hakujua kwamba jambo hilo lina elimu yake: kwamba kuna namna ya kuuliza watu wanataka nini kabla ya kuchimba, na namna ya kurudi baadaye kuuliza kama walichopata ndicho walichoahidiwa.

Katika mwaka wa nne wakafika kwenye somo la hatari. Mhadhiri wao, Mutuku, alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku hiyo aliishusha zaidi.

"Hatari isiyo na mwenyewe humwangukia mnyonge," alisema. "Kwa hiyo mbele ya kila hatari mwandike mtu atakayeishughulikia. Msiandike 'jamii'. Msiandike 'kamati'. Andikeni mtu."

Kisha akawataka kila mmoja achague mradi uliokwisha kukamilika, aufanyie tathmini ya kuhitimu. Wengine walichagua soko, wengine vyoo vya shule. Sagal aliandika silanga ya Qansale.

Loise alichungulia. "Si ndiyo ile..."

"Ndiyo."

"Utaweza, dada?"

"Sijui."

Mzee Korane, baba yao, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya silanga. Alimpokea bintiye kwa fahari, akamzungusha mwenyewe ukingoni. Alimwonyesha jinsi maji yalivyodumu wakati wa ukame huku visima vya jirani vikikauka. "Andika hayo," alisema. Sagal akaandika, kwa kuwa yalikuwa kweli. Bila silanga ile nusu ya kijiji ingekuwa imehamia mjini kuomba.

Mbuzi walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi tumboni. Kando yao mwanamke alikuwa akichota kwa dumu.

"Aabo, mbona hamkuizungushia ua?" Sagal alimuuliza baba yake.

"Mifugo ingepita wapi? Na mkandarasi alikuwa na haraka, mvua ilikuwa imekaribia." Mzee akageuza uso. "Twende, jua kali."

Wanawake aliowahoji walimjibu vizuri kuhusu kila jambo, lakini walipofika kwenye swali la ua walitazamana. Mwishowe mmoja alisema, "Muulize dada yako. Yeye ndiye aliyesema."

Alimkuta Weris akifukiza chombo cha maziwa kwa kijinga cha moto. Weris hakuinua kichwa.

"Nimesikia unachouliza huko nje," alisema. "Umekuja kukichukua kifo cha mwanangu ukapate alama?"

Sagal alichuchumaa kando yake. Alikuwa amejiuliza swali hilohilo njia nzima. "Ukinikataza nitaacha, abaayo, dada yangu. Nitachagua mradi mwingine."

Weris aliendelea kuzungusha kijinga ndani ya chombo mpaka moshi ukaisha.

"Siku ya mkutano wa silanga nilikuwa na mimba ya Iftin," alisema. "Wewe ulikuwa shule ya bweni. Nilisimama nyuma ya wanaume nikasema, wekeni ua, watoto watatumbukia. Aabo akanijibu kwamba mtoto huchungwa na mamake. Watu wakacheka, mkutano ukafungwa kwa dua."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ili iweje? Naamini ni qadar, Sagal. Namwamini Mungu. Lakini silanga ile sijaikaribia tena, jirani ndiye anayenichotea. Kila nikiyakumbuka yale maji nasikia kicheko." Akakiweka chombo chini. "Andika. Ila jina la aabo usilitie."

Sagal hakutaka kuandika nyuma ya mgongo wa babake. Baada ya sala ya alasiri alimfuata, akaketi chini mbele yake, akamweleza yote atakayoyaandika. Tasbihi ilisimama mkononi mwa mzee.

"Kumbe chuo kimekufundisha kumshtaki baba yako."

"Sikushtaki, aabo. Jina lako halimo. Sikutaka tu uyasikie kwa mtu mwingine."

Mzee aliinuka, akakung'uta kikoi chake, akaenda zake msikitini. Kesho yake gari lilipokuja kumchukua Sagal, mzee hakutoka kumwombea dua ya safari. Mama yao ndiye aliyeomba, peke yake, na Sagal alilia mpaka walipofika kwenye kizuizi cha polisi.

Siku ya kuitetea kazi yake chuoni, Mutuku alifungua ukurasa wa hatari. "Hapa kwa watoto kuzama, nafasi ya mwenyewe umeiacha wazi. Kwa nini?"

"Kulikuwa na mtu aliyetaka kuibeba," Sagal alijibu. "Hawakumpa."

Mutuku aliinamisha kichwa, akafunga ukurasa. Mtahini mwingine akauliza ua anaoupendekeza utajengwa na nani, maana shirika lenyewe lilishafunga ofisi. Sagal alikiri kwamba hajui. Alifaulu, si kwa daraja la juu, akarudi Galbet asijue afurahi kwa lipi.

Siku chache baadaye Weris akampigia simu. "Abaayo, huo ua, uliandika ujengwe na nani?"

"Sikujua nimwandike nani."

"Basi njoo."

Akaenda hata kabla ya mahafali. Aliwakuta wanawake wa Qansale wakikata matawi ya migunga na kuyaburuta, mikono imechanika kwa miiba. Weris alikuwa akikata pamoja nao, ingawa alibaki mbali, kule kwenye miti. Sagal alipima mzunguko kwa kamba, akawagawia sehemu ili pande zote ziende pamoja, kisha naye akashika panga.

Ua ulikuwa karibu kufunga duara Mzee Korane alipotokea. Kazi ikasimama. Aliutazama ua, kisha akamtafuta Weris kwa macho mpaka akamwona.

"Weris," aliita. "Mlango mnautaka wapi?"

Weris alitua mzigo wake. Alitembea polepole kuelekea kwenye maji, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alipofika ukingoni alisimama.

"Hapa," alisema. "Na mifugo inyweshwe huku nje, isiingie tena."

"Haya," mzee alisema. Hakuomba msamaha, wala hakuna aliyemdai. Alivua viatu, akaliendea tawi lililokuwa karibu, akaanza kuliburuta.