Jiko la chuma tulilomwekea mzazi Mabawa, na bomba nililoligeuza mlizamu

Wakuu, habari za humu.

Juzi mdau wa Lushoto aliuliza anunue jiko gani la kuni la kutia joto nyumbani, lisilokula kuni nyingi wala kumsumbua mtu. Mmemjibu vizuri, chuma, udongo, matofali. Sijaona aliyemtajia bomba la moshi.

Basi niseme yangu. Sina ninachopata kwa kudanganya.

Ilikuwa mwanzo wa enzi za ruksa, biashara ndiyo inafunguliwa. Vitu vinaanza kuonekana madukani, ila mafuta ya taa bado unaenda na dumu tupu na unarudi nalo tupu. Mimi na mama tunakaa Mabawa, Tanga.

Dada yangu Zubeda akaja kutoka Pangani kwa mumewe, ajifungulie kwetu. Mimba mbili zilishamtoka. Safari hii Mungu akampa binti, mdogo mno, ukimbeba husikii uzito.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali na mvua za mchoo hazikatiki. (Wa Lushoto mnacheka, Tanga na baridi wapi na wapi. Mzazi kwenye arobaini haachwi apigwe na upepo, na kichanga kile kilikuwa kinapoa miguu tukikiangalia.)

Mama akaniambia, "Athumani mwanangu, tafuta moto wa kukaa. Hii seredani ya mkaa inataka mtu wa kuipepea kutwa."

Nikaenda Nguvumali kwa Mzee Gulamu, Mhindi muuza vyuma chakavu. Alikuwa na jiko zito la kuni, limetoka nyumba ya meneja wa shamba la chai huko milimani. Mlango unafunga kabisa. Ukilijaza asubuhi linajiendea mpaka alasiri, majivu kiganja kimoja. Nikalipenda papo hapo. Akanipa na bomba lake, refu kunizidi.

Nyumbani nikajiuliza, bomba la nini? Nitatia mkaa badala ya kuni, mkaa hauna moshi. Na kutoboa bati la mama wakati wa mvua, thubutu!

Maji yalikuwa hayatoki wiki nzima, kwa hiyo bomba nikalifunga kwenye kona ya paa liwe mlizamu, maji ya mvua yashukie kwenye pipa. Jiko nikaliwasha chumbani kwa dada, nikajiona fundi.

Siku ya tatu, alasiri, dada akasema Bibi amekuja.

Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa kaburini miaka minne. Dada anasema amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, hasemi neno. Ananyoosha mkono kwenye kona ya ukuta, halafu anatega sikio.

Na kweli kona ile ilikuwa inaita. Upepo ukipiga mdomo wa bomba linatoa sauti, huuu, kama mtu mzima anayeita kwa mbali. Nilijua ni bomba. Mwili ulinisisimka vilevile.

Mama akasema, "Anamtaka mtoto."

Akaziba dirisha kwa matambara. Akaitwa ustadhi amsomee Bibi aondoke. Katikati ya kisomo ustadhi akashika kichwa, akatoka jasho linamtiririka. "Chumba kizito hiki," akasema. Tukaamini zaidi. Tukaongeza udi, tukaongeza na mkaa.

Kesho yake nikaingia kujaza jiko.

Wakuu, nilimwona. Bibi, kwenye kigoda, kanga ya zambarau, pindo limeungua, mkono kwenye kona. Dada amelala mdomo wazi. Mtoto halii.

Nilikimbia. Sikumbeba mtoto, sikumwamsha dada, nilichukua baiskeli nikakimbia. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Nikafikia kwa Mzee Gulamu. "Shikamoo mzee. Lile jiko umelitoa kwa nani? Limekuja na kitu."

Akanitazama. "Marahaba. Bomba umelipitisha wapi?"

"Nimelifanya mlizamu."

Mzee yule alikuwa haendi hata kuswali bila kufunga kufuli mbili. Siku ile aliacha duka wazi, akakaa nyuma ya baiskeli yangu. "Kanyaga!"

Alipofika alingʼoa matambara dirishani, akambeba mtoto mpaka uani kwenye mvua. Mimi na mama tukamburuta dada. "Mkaa una sumu, mwanangu," akaniambia huku anahema. "Haina moshi, haina harufu."

Mtoto alikuwa amelegea. Mama akampuliza usoni, akamwita. Kimya. Akamwita tena.

Mtoto akapiga chafya, kisha akalia. Sijasikia kilio kitamu kama kile.

Jioni dada akiwa anatapika bado, akamwambia mama, "Bibi alivaa ile kanga yake ya zambarau, iliyoungua pindo." Mimi sikuwa nimemwambia mtu nilichokiona.

Mama akaitazama ile kona. Nyuma yake, nje, ndipo lilipokuwa bomba. Akakaa chini akalia. "Mama, nisamehe. Ulikuwa unatuonyesha, nasi tunakufukuza."

Bomba nililishusha kabla ya magharibi. Upepo uliendelea, kona ikanyamaza.

Yule mtoto leo ana watoto watatu, na ndiye aliyeniruhusu kuandika. Mdau wa Lushoto, nunua jiko lolote, ila moshi uwe na njia ya kutoka nje na dirisha liwe na mwanya. Mkaa usikudanganye.

Daktari aliwahi kunieleza kwamba sumu ile humfanya mtu aone vitu. Nakubali. Ila wajuzi mnisaidie hapo chini: kila mtu angeona vyake. Mimi na dada tuliionaje kanga moja?