Shangazi Ambaye Hakutumwa

Nilianza shahada ya uzamili ya unasihi wa Kikristo na tiba ya familia Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, nikiwa mjane mwenye wajukuu. Hata sekondari niliimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni. Pale darasani Njombe, wachungaji wa rika la wanangu waliniita Mama Mlezi, nami sikuwakataza.

Somo la maadili lilitufundisha kwamba mnasihi hamhudumii ndugu yake. Niliipenda kanuni hiyo mara moja, kwa kuwa ilikubaliana na desturi yetu: mama mkwe haketi na mkwewe kuzungumzia ndoa. Hiyo ni kazi ya shangazi.

Jumamosi ya pili ya Juni binti yangu alinipigia simu kutoka Makambako. Yeye na mumewe, muuza spea za malori, walikuwa hawasemezani tangu Pasaka.

"Mama, mwambie shangazi aje," alisema. "Anisaidie kabla huyu hajanirudisha kwenu."

Shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, analima chai Lupembe. Nilimfahamu wifi yangu: huingia nyumbani kwa watu akiwa amekwisha kuamua, huwagombeza wote wawili, kisha huuliza ugali uko wapi. Mimi nilikuwa nimesomea njia iliyo bora. Nikamtuma mwanafunzi mwenzangu, mchungaji mpole, aliyekuwa akitafuta familia ya kufanyia mazoezi ya vitendo.

Alifuata kila hatua tuliyofundishwa. Hakumlaumu yeyote, alimwuliza kila mmoja anajisikiaje. Mkwe wangu alihudhuria mara moja tu, akamwambia mkewe, "Mama yako amenifanya somo la chuo." Hakurudi tena.

Jumanne ya mwisho ya Agosti nilikwenda kumchukua binti yangu, mumewe akiwa ameamua kumrudisha, kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kukodi. Safari hii wifi nilimwita, kwa kuwa mwali harudishwi na mtu mmoja.

"Kumbe wa kubeba vyombo ni mimi," alisema njiani. "Wa kusema ni wenye joho."

Tulipofika nilibaki ndani ya gari, kama inavyonipasa. Mkwe wangu alinisalimia kwa adabu kutoka barazani, akaendelea kufunga mizigo. Wifi akamsimamia, mikono kiunoni.

"Mkwe, ndivyo godoro linavyofungwa? Na wewe mwanangu, sufuria nilizokupa unamwachia nani?"

"Zimetoboka, shangazi," walijibu kwa pamoja.

Wakatazamana. Mkwe wangu aliinamisha uso kuficha kicheko, na binti yangu akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Wifi aliendelea kuwafokea, nao walisimama bega kwa bega wakifokewa, kama tulivyowahi kusimama mimi na marehemu mbele ya mwanamke huyohuyo. Nilitamani asinyamaze.

Lakini mkwe wangu alikuwa amekwisha kuwaeleza wazee wa usharika uamuzi wake, na yeye si mtu wa kurudi nyuma. Alikaza kamba, akaijaribu kwa mkono. Binti yangu akapanda, akaketi kando yangu, akageuzia uso dirishani.