Kinanda Kisichokuwa na Kitufe Changu

Ilianza Jumamosi saa nne asubuhi, katika kanisa kubwa la mjini lenye kinanda cha mabomba. Chama cha wapiga kinanda kilikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi, na mimi, msichana wa mtaa wa Laini Saba ninayeogopa hata kuitikia jina darasani, nilijaza kwenye fomu kwamba napiga kwa funguo zote za muziki.

Kusema ukweli, najua C peke yake. Kwaya yetu ikipanda au ikishuka sauti, nabonyeza kitufe kwenye kibodi yetu ya umeme, inahamia ufunguo mwingine yenyewe, na watu wanasema nimebarikiwa.

"Haya, Akinyi, tupigie wimbo wowote kwa ufunguo wa G," akasema Mwalimu Mutisya, katibu wa chama.

Nikapapasa juu, chini, pembeni. Hakuna kitufe. Nikaona safu ya vishikio vya mbao, nikajiambia lazima kitufe ni hivi. Nikavuta vitano kwa mpigo, nikapiga C yangu kwa imani. Kumbe vinafungua sauti za mabomba; kanisa likanguruma. Mama aliyekuwa akipanga maua akaangusha chombo.

"Unatafuta nini, msichana wangu?" akauliza Mwalimu Mutisya.

"Kitufe cha kuhamisha, Mwalimu."

Akacheka hadi akakaa chini. "Hapa kitufe ni vidole vyako! Rudi Jumamosi ijayo na hiyo G, hata ikiwa mbovu. Nafasi nitakushikia."

Kesho yake asubuhi kanisani kwetu, nikabandika plasta juu ya kitufe, nikaanza wimbo wa kwanza kwa G, nikikosea hapa na pale. Mama Nekesa wa soprano akanigeukia. "Wewe, leo umekuja na vidole vya nani?"

Nikaendelea kupiga.